Mita Mbili za Korido

Gazeti anasema aliuona waya kwa macho yake mawili. Anasema ilikuwa alfajiri, siku chache kabla Fundi, mshona nguo wa nyumba yao, hajahama, naye Gazeti ameamka kukinga maji kabla bomba halijakauka. Akamkuta Bibi Mkunga mwisho wa korido, ameinama mbele ya sanduku la mita, kisu mkononi, na waya mweusi umetambaa kutoka mlangoni kwake hadi kwenye mita ya Fundi, umejilaza chini ya ukuta kama nyoka aliyeshiba. Anasema bibi alipomwona alijidai anatafuta kandambili yake. Waya wenyewe, Gazeti aliposimulia mara ya kwanza, ulikuwa mnene kama penseli. Ulipofika kwa muuza mkaa wa nyumba ya pili ulikuwa kama kidole gumba, na sasa, mbele ya Fundi mwenyewe, ulikuwa unakaribia mkono wa mtoto.

"Kikulacho ki nguoni mwako, mdogo wangu," Gazeti alimalizia, ameegemea mlango wa fremu mpya ya Fundi, chumba cha duka alichopanga kushonea. "Na wewe ulivyokuwa unambeba yule bibi kama yai!"

Jina lake halisi wapangaji walishalisahau. Walimwita Gazeti kwa sababu habari zake zilitoka kila asubuhi, na za jana zikionekana na makosa, hakuna aliyewahi kusomewa masahihisho. Fundi alikaa naye nyumba moja miaka minne na alijua kuyapima maneno yake kama anavyopima kitambaa cha mteja mbishi: unapunguza hapa, unapunguza pale, kinachobaki ndicho cha kushona.

Lakini siku hiyo hakupunguza kitu. Mkononi alikuwa na karatasi ya shirika la umeme, bili ya mwisho ya chumba alichohama wiki tatu zilizopita, na tarakimu za chini zilikuwa sawa na kodi ya fremu kwa miezi mitano. Alikuwa amezisoma akiwa amesimama, akazisoma ameketi, akazisoma kwenye mwanga wa nje kana kwamba jua lingezipunguza. Mstari wa mwisho ulisema asipolipa kwa siku kumi na nne, umeme wa fremu aliyohamia utakatwa. Cherehani zake mbili zilikuwa za umeme, na pasi pia. Na msimu wa sare za shule ndio kwanza ulikuwa umeanza.

"Uliuona kweli huo waya?" aliuliza.

"Nisiuone, mimi kipofu?"

Basi ikawa hivyo. Fundi alifunga fremu, akaweka bili kwenye mkoba, akaenda.

Ofisini foleni ilikuwa ndefu, viti ni vichache, na kila mtu anasikia shida ya mwenzake kama yuko kwenye maungamo ya hadharani. Dirishani alikaa karani kijana, miwani imemshuka puani, sauti yake ya upole lakini kubwa, sauti ya mtu anayeongea na wasiosikia kupitia kioo siku nzima. Fundi alipofika mbele yake hakungoja kuulizwa. Aliyamwaga yote: waya, kisu, alfajiri. Alisema jirani yake ni mwizi. Alisema ni bibi mzima, mtu aliyemheshimu kama mzazi, na aibu iko wapi siku hizi. Mama mmoja nyuma yake akaguna kwa huruma. Mwingine akasema wazee wa leo si wa kuwaachia mlango wazi.

Karani alisikiliza hadi mwisho, akagonga vitufe vyake.

"Dada, mita yako ina namba. Unayo ile karatasi mliyopewa tulipobadilisha mita, mwaka jana?"

Fundi hakuwa nayo. Alikumbuka vizuri ilikoishia: aliikata vipande, akazungushia bobini za nyuzi zisichanganyike.

"Kila mwisho wa mwezi ulikuwa unatutumia tarakimu za mita kwa ujumbe wa simu. Nani alikuwa anasoma?"

"Mimi mwenyewe."

"Na ya huyo bibi?"

"Mimi pia. Macho yake yana ukungu."

Karani aligeuza kioo cha kompyuta ili naye aone. Palikuwa na safu mbili za tarakimu. "Mfanyakazi wetu alipokwenda kufunga hesabu yako, alisoma kwa namba ya mita. Hii ndiyo yako kwenye daftari letu. Tarakimu ulizokuwa unatutumia kama zako, miezi kumi na minne, ni za hii nyingine. Na za kwake ulituma za kwako." Alivua miwani, akaifuta na shati. "Hakuna waya, dada. Ulikuwa unasoma mita ya mwenzio. Yeye ndiye amekuwa akikulipia."

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka. Hakikuwa kicheko kibaya, ni kile kinachomtoka mtu bila ruhusa. Mama aliyeguna kwa huruma akanyamaza, na Fundi alisikia ukimya ule mgongoni kama mtu anavyosikia maji baridi.

Ilikuwa hivi. Siku mafundi wa shirika walipokuja kung'oa mita za zamani na kufunga mpya, zote mbili zilianza na sifuri. Fundi hakuhangaika na namba. Alikuwa na njia yake. Tangu aanze kushona hajawahi kumpa mteja nguo ya mwenzie, kwa sababu kila kitambaa kinachoingia anakifunga uzi: mwekundu wa huyu, mweupe wa yule. Uzi haudanganyi kama karatasi. Mita yake ya zamani ilikuwa upande wa kulia, basi na mpya ya kulia akaifunga uzi mwekundu, ya bibi mweupe, akakunja mikono akaridhika. Hakujua kuwa mafundi walizipachika kinyume, wala hakuuliza.

"Ni kosa tu," karani alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Hutokea. Sasa nisikilize. Yule bibi amelipa zaidi, wewe umelipa pungufu, na viwango vinakaribiana. Kuna fomu hii. Akisaini kwamba mmekubaliana, pesa yake ya ziada inafunika deni lako. Hakuna anayelipa, hakuna anayedai. Asiposaini, yake inarudi kwake, na wewe unalipa yote. Mwambie tu asaini hapa chini."

Fundi aliichukua fomu. Alisema ahsante. Alipita kando ya foleni akiangalia sakafu, vigae vyeupe na vya kijivu.

Nje palikuwa na benchi la zege. Akaketi. Kosa tu, karani alisema. Kama lingekuwa kosa tu angelala usingizi wake. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata. Mwezi wa tatu baada ya mita mpya ulikuwa msimu wa sare kama huu. Alipiga pasi asubuhi hadi jioni, sketi za marinda mia na ushee, chumba kikawa na joto kama tanuri la mikate. Mwisho wa mwezi akapanda kigoda na tochi yake, akasoma penye uzi mwekundu. Yuniti chache mno. Yuniti za mtu mwenye taa moja na redio. Akasoma penye uzi mweupe, kidogo aanguke. Na pale pale juu ya kigoda, tochi mkononi, alijua. Hakujua kwa maneno. Alijua kama unavyojua kuwa umekata kitambaa vibaya kabla hujakifunua: mkasi wenyewe unakwambia.

Akajiambia mita mpya hizi ni nzuri, hazili umeme. Akashuka. Akatuma tarakimu za mita zote mbili.

Tena alifanya zaidi. Aligonga kwa Bibi Mkunga, akamwambia, "Bibi, sijui unaacha nini kinawaka. Angalia friji lako." Akasema kwa upole, kama mjukuu mwema. Na ile nafuu ya kila mwezi akaiweka kando, kidogo kidogo, ikamnunulia cherehani ya pili, na cherehani ya pili ikamlipia fremu.

Akiwa kwenye benchi alitafuta njia ya kulipindua jambo hili likae vizuri, kama anavyogeuza kitambaa kuona upande wenye nafuu. Akaipata moja. Bibi hakuibiwa na mtu, shirika ndilo lililopokea. Bibi alishalipa, na pesa ikishalipwa mtu huizoea. Fomu ikisainiwa, hakuna atakayeumia leo. Na bibi angesaini. Bibi angesaini chochote ambacho Fundi angemwekea mbele.

Akanyanyuka.

Korido ya nyumba ile ilikuwa vile vile, harufu ya sabuni na mafuta ya taa, baiskeli ya mtu imezuia njia. Gazeti alikuwa anafua uani, akamwona kupitia mlango wa nyuma.

"Umempeleka polisi?" alinong'ona kwa sauti iliyofika barabarani.

"Bado," Fundi alisema, akapita.

Mlango wa Bibi Mkunga ulikuwa wazi nusu, na ndani hakukuwa na taa ingawa pazia lilishushwa. Fundi alibisha.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba! Huyo ni nani, ni Fundi wangu? Ingia, mama, ingia. Nilisema mimi, huyu hawezi kunitupa. Kaa hapo kitandani, viti vimefungwa."

Ndipo Fundi alipoona. Viti viwili vilikuwa vimefungwa pamoja kwa kamba, miguu juu. Sufuria zilikuwa ndani ya beseni, na beseni ndani ya gunia. Pale friji lilipokuwa limekaa bado palikuwa na mraba wa rangi isiyochakaa sakafuni, mweupe kuliko sehemu nyingine. Na kitandani, karibu na mto, palikuwa na plagi tatu na nyaya zake zimekunjwa: ya taa ya mezani, ya redio, ya jiko dogo la umeme.

"Unahama, Bibi?"

"Nahamishwa." Bibi alicheka kidogo. Alikuwa mwanamke mrefu, mgongo bado umenyooka, mikono mikubwa ambayo kwa miaka thelathini na mmoja ilipokea watoto wa mji huu. "Mwisho wa mwezi. Mwanangu ameshamwambia mwenye nyumba. Nitakaa kwake, chumba cha nyuma, na mke wake atanitazama. Na mimi simlaumu. Kichwa kimekwenda, mjukuu wangu."

"Kimekwenda vipi?"

"Si wewe ndiye uliyeniambia? Naacha vitu vinawaka. Nikauza friji, bili haikushuka. Nikaacha kupasha maji, haikushuka. Kila jioni nachomoa kila kitu, naleta plagi hapa kitandani, nazihesabu: moja, mbili, tatu. Halafu mwisho wa mwezi inakuja bili ya kiwanda." Alizigusa plagi kwa ncha ya kidole. "Basi nikajua nachomoa, halafu naamka usiku nachomeka, asubuhi sikumbuki. Mwanangu akaja siku usiyokuwepo, akapiga kelele hapa hadi nyumba nzima ikasikia. Mama, utaunguza watu! Mimi niliyekuwa nakumbuka wodi nzima, nani kazaa lini, wa kilo ngapi. Hata wangezaliwa arobaini usiku mmoja, ningekutajia wote." Akanyoosha shuka kwa kiganja. "Siku hizi hata nikikumbuka kitu sijiamini. Haya, niambie ya kwako. Fremu inalipa? Wateja wapo?"

Fundi alifungua mkoba. Alijiambia atatoa fomu kwanza, mengine yatakuja yenyewe.

"Kuna karatasi ya shirika la umeme, Bibi. Ya kufunga hesabu zangu. Inahitaji jina lako."

"Jina langu la nini tena?"

"Kwa kuwa tulikuwa majirani. Mita zetu ziko pamoja."

"Ah, lete. Miwani sijui nimeiweka wapi, unaona mambo yenyewe? Niwekee kidole pale pa kusaini, nisije nikasaini ukutani."

Fundi akaweka kidole. Bibi Mkunga akainama, uso karibu na karatasi, akashika kalamu kama mtu anayeshika sindano. Fundi aliona mvi zake, zimechanwa vizuri, na njia ya katikati imenyooka kama imepigwa rula. Bibi aliandika herufi ya kwanza. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo.

"Bibi, usisaini."

"Nimeshaanza."

"Usisaini. Bibi, kichwa chako ni kizima."

Bibi aliinua uso. Na Fundi akayasema. Aliyasema vibaya, ya mwisho kabla ya ya mwanzo, uzi mwekundu, mafundi, karani, bobini, hadi akalazimika kurudi nyuma aanze tena. Alisema umeme uliokuwa unalipwa na bibi ulikuwa wa pasi yake na cherehani zake. Alisema bibi hakuacha kitu kinawaka, wala hakuamka kuchomeka. Alisema asubuhi hii amesimama mbele ya watu akamwita mwizi.

Bibi Mkunga alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza tumbo la mjamzito, bila kupepesa.

"Ni kosa," alisema mwishowe, taratibu. "Mtu hukosea. Mimi mwenyewe niliwahi kubadilisha vitambulisho vya mapacha."

Njia ya kutokea ilikuwa imefunguliwa pale. Fundi angeweza kupita na kosa lake dogo mkononi, na bibi angemsindikiza hadi barabarani.

"Si kosa lote, Bibi. Nilijua."

"Ulijua lini?"

"Mwezi wa tatu tangu mita mpya."

Bibi aligeuka kutazama ule mraba mweupe sakafuni. Midomo yake ilicheza kidogo, kama anahesabu. "Friji niliuza mwezi wa nne," alisema.

Fundi alijiinamia. Uani Gazeti alikuwa ameacha kufua. Maji hayakusikika tena, wala beseni.

"Nitalipa yote, Bibi. Na wewe watakurudishia yako. Nitauza cherehani moja."

"Sijakuuliza hayo." Sauti ya bibi ilikuwa imebadilika. Haikuwa kali. Ilikuwa ni sauti ya wodini, ile isiyo na muda wa kubembeleza. "Simu yako ina salio?"

"Ina."

"Fungua huo mlango. Wote. Nyumba hii ilisikia nikiitwa mwehu mlango ukiwa wazi, basi na hili walisikie ukiwa wazi. Mpigie mwanangu. Weka sauti ya nje. Umwambie kama ulivyoniambia mimi, usipunguze neno. Na ule mwezi wa tatu usiusahau."

Fundi alifungua mlango. Gazeti alikuwa amesimama koridoni na shati lililolowa mkononi, linadondosha maji miguuni kwake, na nyuma yake wapangaji wengine wawili waliojidai kupita. Gazeti hakusema neno. Labda lilikuwa toleo lake la kwanza lisilo na kitu cha kuandika.

Simu iliita. Mwanawe bibi alikuwa msimamizi wa ghala la saruji. Alipopokea, nyuma yake kulisikika mifuko ikitupwa na watu wakihesabu.

"Nani?"

"Ni mimi, kaka. Fundi. Aliyekuwa jirani ya mama."

"Mama ana nini? Ameunguza kitu?"

"Hapana, kaka. Mama hana kitu."

Akamwambia. Safari hii maneno yalitoka kwa mpangilio wake, na ndiyo yaliyomuuma zaidi, kwa sababu yaliponyooka yalionekana yalivyo. Alisema juu ya kigoda na tochi. Alisema alivyomgongea bibi mlango na kumwambia aangalie friji lake, huku anajua. Kila neno lilipita kwanza masikioni mwa Gazeti na wale wawili, ndipo likaingia kwenye simu. Alihisi uso wake unawaka hadi kwenye nywele. Alitamani kaka amtukane, angalau tusi lina mwisho. Lakini upande wa pili hakuna aliyetukana. Mtu alikuwa akihesabu mifuko, sitini na moja, sitini na mbili, kisha naye akaambiwa anyamaze.

"Mwezi wa tatu," mwanaume alisema.

"Ndiyo, kaka."

"Mimi nilimfokea mama mwezi wa tano."

Bibi Mkunga akasogea, akakalia ukingo wa kitanda, zile plagi zikamwangukia kwenye paja, hakuzitoa. Aliinama kwenye simu iliyokuwa mkononi mwa Fundi, karibu kiasi kwamba Fundi alisikia pumzi yake kwenye vidole.

"Mwanangu, umesikia mwenyewe. Basi mpigie mwenye nyumba sasa hivi. Mwambie chumba bado ni changu. Mimi sitoki hapa."

Simu ikakaa kimya. Si kwamba ilikatika. Fundi aliitazama, tarakimu za muda zilikuwa zinapanda, na lori lilisikika likirudi nyuma, polepole, mahali fulani ghalani.

"Baba," bibi alisema, "nimekuomba jambo."

Mkono wa Fundi ulikuwa umeanza kufa ganzi kwa kunyooshwa, lakini hakuthubutu kuushusha. Gazeti alipiga hatua moja mbele ili asikie vizuri. Kwenye kioo sekunde ziliendelea, thelathini na tisa, arobaini, arobaini na moja, na upande wa pili mtu alikuwa anapumua.